Washenga Walipopiga Hodi

Somoe alisikia hodi ya kwanza akiwa kwenye ua wa nyuma, anageuza sambusa kwenye mafuta. Washenga wa Bilali walikuwa wamefika kumposa baada ya sala ya alasiri, kama walivyoahidi, wakiongozwa na baba mkubwa wa Bilali, Mzee Masoud.

Binti anayeposwa hawaitikii washenga wake. Hata sauti yake haitakiwi kufika barazani. Kwa hiyo alingoja wazazi waitike. Lakini sebuleni tamthilia ilikuwa imepamba moto, na sauti ya televisheni imejaa nyumba nzima.

Hodi ya pili. Somoe akakimbilia mlango wa sebule.

"Mama! Wageni!" alinong'ona.

Chausiku, mama yake, aliinua mkono bila kugeuka. "Ngoja, mwanangu. Anataka kumwambia mumewe ukweli."

"Baba!"

"Mwongo huyo," alisema Bwanausi, macho kwenye kioo. "Hasemi kitu, utaona."

Hodi ya tatu ikapita. Kisha zikasikika kandambili zikiondoka barazani. Kwao, asiyeitikiwa mara tatu hurudi alikotoka, na mshenga akirudi hivyo, huhesabu kwamba amekataliwa.

Somoe aliizima televisheni. "Wameondoka," alisema, na machozi yakamtoka.

Jirani yao, Mama Raya, akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua: "Chausiku! Mmelala humo? Watu wazima wanapiga hodi mpaka nikataka kuwaitikia mimi!"

Bwanausi alivaa kofia yake.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Chausiku. "Baba wa binti kuwafuata washenga! Watasema tunamtembeza mtoto kama bidhaa."

"Waache waseme."

Alirudi karibu na magharibi. Somoe alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Wamekataa, baba?"

"Hawana kinyongo. Ila Mzee Masoud ameniuliza: binti yako mwenyewe anamwonaje kijana wetu? Nikakosa la kusema." Alivua kofia, akaiminya mikononi. "Yule mwanamke wa kwenye tamthilia, najua mpaka anachomficha mama mkwe wake. Wewe sijui hata mlijuana wapi na Bilali. Mzee kasema nikuulize kwanza. Nikimpelekea jibu lako, watarudi."

Chausiku alitazama kioo cheusi, kisha akapigapiga mkeka kando yake. "Njoo ukae, mama."

Somoe alikaa. Mwanzoni maneno yalimtoka kwa shida. Hakuwa amezoea kusikilizwa na wote wawili kwa pamoja.

"Ni kule Mapinga, nilipokuwa najitolea kufundisha. Alikuja kuezeka darasa letu. Siku hiyo mvua ikatukuta, uwanja ukajaa maji. Akashuka kutoka juu ya paa, akawavusha watoto mgongoni mmoja mmoja. Hata yule mtundu aliyemfichia nyundo."

Chausiku akacheka. "Na wewe akakubeba?"

"Mama! Mimi nilivuka mwenyewe."

"Ukafika salama?"

"Nilianguka. Mbele ya darasa zima."

"Na yeye akacheka?"

"Chausiku, usimkatize mtoto," alisema Bwanausi, akasogeza kiti karibu na mkeka. "Enhe, mwanangu. Kisha ikawaje?"