Liwa Haijakauka

...na sasa nimefungwa mdomo, siwezi kusema hata ah, kwa sababu wifi yangu Chaehoi ameshanipaka liwa, ule ukuni wa manukato uliosagwa kwa maji, shavu la kushoto na ameingia la kulia, na kwake yeye mtu mwenye liwa usoni hasemi wala hacheki mpaka ikauke, isije ikapasuka, wakati yeye mwenyewe hajanyamaza tangu tulipokunywa chai, anasaga huku anasema, anapaka huku anasema, kwa Kimalagasi akiwa ametulia na kwa Kingazidja akipandwa na mori, na hivi sasa ni Kingazidja kitupu, "Zalifa, nisage nyingine au nioshe jiwe?", anamuuliza mtu ambaye yeye mwenyewe amemkataza kujibu, basi namkodolea macho tu, naye anasema, "Usinikodolee, mtoto wa watu anakuja baada ya sala ya adhuhuri, nataka kujua"... na ana haki ya kutaka kujua, hata mimi nataka kujua, maana jiwe hili la matumbawe si la kusagia tu, lilitoka Nosy Be kwa mama mkwe wangu Mariyama, Mungu amrehemu, na katika ukoo wao msichana akija kusalimia kwa mara ya kwanza, mama wa kijana humpaka liwa kwa mkono wake kutoka jiwe hilihili, akishampaka ni wetu, lakini msichana akikuta jiwe limeoshwa na kuegemezwa ukutani, basi anapewa chai na mkate wa mchele, anaulizwa habari za nyumbani, anaaga, na kila mtu hapa uani ameelewa bila neno baya kusemwa, ni adabu kubwa, lakini inauma, mimi najua inavyouma, na angekuwa msichana mwingine yeyote, angekuwa binti wa wavuvi wa Katsepy asiye hata na ndala, ningekuwa nimesaga tangu jana, nimejaza sahani, lakini mwanangu Zoubeir, katika wasichana wote wa kisiwa kilekile cha Nosy Be anakotengeneza mashine za boti, amekwenda kumpenda Nadjma, Nadjma yule wa Nyumba ya Ufukweni, kile kipindi cha televisheni ambamo vijana walifungiwa ndani ya nyumba moja kulekule kisiwani, Ambatoloaka, wapike, wagombane, wapatane, na kila wiki sisi tulioko majumbani tupige kura nani atoke, na mji wetu mzima wa Mahajanga ulikuwa mbele ya televisheni, hata shemeji Soilihi ambaye husema televisheni inaharibu watu, kila Ijumaa alikuja kuharibika pamoja nasi, mkeka wa mbele kabisa... na sote tulikuwa wa Faouzia, yule mpole mwenye sauti ndogo, tulimpenda kama tumemzaa, na sote tulimchukia Nadjma kwa kicheko kimoja tu, siku Faouzia alipoletewa habari kwamba bibi yake wa Antsanitia amefariki, akaanza kulia pale barazani, Nadjma amesimama karibu yake, halafu kamera ikamleta Nadjma peke yake, uso mzima, anacheka, meno yote nje, kichwa kimeangukia nyuma, mwenzake analia msiba yeye anacheka, nilirusha ndala kwenye televisheni, na jina la Mcheka Msiba lilitoka kinywani mwangu mimi, hapahapa uani, kabla halijafika sokoni, na kura ya kumtoa nilipiga kwa simu yangu, kisha kwa simu ya Chaehoi, kisha kwa ya Soilihi alipokuwa chooni.

"Shingo nayo au niache?", anauliza Chaehoi, natikisa kichwa kidogo, hapana, acha, "Umetikisa, usitikise", haya sitikisi, nakaa kama nguzo na kuwaza peke yangu, Zoubeir alinipigia simu, akanitajia jina la huyo msichana, nami nikakata, akapiga tena, akasema, "Mama, kile kipindi kinakatwa na kushonwa, mimi ndiye niliyekuwa nikiwabeba wapiga picha kwa boti, niliwaona, mtu anaambiwa arudie kuingia mlangoni mpaka aingie wanavyotaka wao, na kila mmoja alishapangiwa kazi yake tangu mwanzo, huyu wa kupendwa, huyu wa kuchukiwa", nikamwambia mlango ni mlango na kicheko ni kicheko, hakuna aliyemtia yule meno kinywani, mapenzi yamekutia moshi machoni mwanangu, naye badala ya kukasirika akacheka, akanihadithia walivyokutana, kwa fahari kabisa, kana kwamba alipewa medali, eti alikuwa akishusha dumu la petroli pale mbele ya ile nyumba, akamtazama msichana badala ya kutazama ubao anaokanyaga, akaenda majini na dumu lake, na shati lake, na simu mpya, na msichana kule ufukweni akamcheka mpaka liwa ikambanduka usoni, "Hapo ndipo nilipompenda, mama", nikasema unaona, unaona mwenyewe, anacheka watu... na sisemi haya kwa chuki, Mungu anajua, ni kwamba mume wangu Msaidié hayupo tena, magoti yangu ndiyo haya yanayolia kama bawaba, na mkazamwana ndiye atakayenishika mkono kwenda msalani siku moja, sasa nikiteleza hapa kwenye saruji, niko chini, nainua macho kuomba msaada, na ninachokiona ni meno, kichwa nyuma... na upande wa pili kuna Zoubeir, aliyeniambia jana kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, "Ukiosha jiwe sitakuteta, mama, lakini usinitafutie mwingine, nitabaki Nosy Be na mashine zangu", hivyo jiwe moja, ama ninapata mtu wa kunicheka ama ninampoteza mtoto kwa kisiwa, na Chaehoi anataka jibu kwa macho.

"Haya, jione", anasema, ananipa kioo kidogo cha mkononi, najiona, Mungu wangu, uso mgumu, kidevu juu, mdomo umebanwa, namjua huyu mwanamke, niliwahi kumwona, ndiye yule wa kwenye picha ya mwaka sabini na tisa, picha ya studio iliyotumwa Nosy Be ili Mariyama aone mwanawe Msaidié ameposa nini, mpiga picha alinishika kidevu akakiinua, akasema bibi harusi wa heshima haonyeshi jino, kaa hivyohivyo, usipumue, nami mtoto mtiifu sikupumua, nikatoka pichani na uso wa mtu anayetaka kuuma, na Mariyama akaitembeza picha ile mji wao wote wa Hell-Ville, nyumba kwa nyumba, "Huyu anauma huyu, jamani tazameni, mwanangu kaleta mbwa", na siku nilipofikishwa mlangoni kwake jiwe lilikuwa limeshaoshwa, limeegemezwa ukutani, nililiona kabla sijamwona mtu yeyote, nikaelewa, machozi yakanijia, nikajikaza nitoe salamu vizuri, lakini bahari ilikuwa bado imo tumboni mwangu, njia nzima ilinivuruga, nikafungua mdomo na badala ya salamu nikatapika juu ya viatu vipya vya Msaidié, vyeupe, alivyoazima, nikamtazama usoni, na uso wake ulivyokuwa, sikuweza, nilicheka mpaka nikakaa chini kizingitini, na nilipoinua macho Mariyama alikuwa ameshika mlango anacheka kuliko mimi, akaenda ukutani akalishusha jiwe, na miaka yote aliyoishi hakuacha kuwaambia wageni, picha ilinidanganya, picha ilimnyima meno yake... mimi alinihukumu kwa kutocheka, masikini ya Mungu, na mimi leo...

"Tazama mwenyewe, nimeitafuta tena", Chaehoi amefuta vidole kwenye kanga, ameshika simu yake, ananiwekea mbele ya pua, ni kile kipande, watu wamekihifadhi, wanapelekeana mpaka leo, "Tazama meno hayo halafu uniambie nisage", na nakitazama, ingawa nakijua kama ninavyolijua jiko langu, Faouzia analia barazani, Nadjma yuko kando yake, ana liwa usoni kama wasichana wa kule wote mchana wa jua, kisha kicheko, kisha Faouzia tena na Nadjma kando... mkono mmoja kioo, mkono mmoja simu ninayomnyang'anya wifi yangu, narudisha kidole, kianze upya, kwenye kioo shavu langu la kushoto lililopakwa kwanza limeshaanza kupauka, limekuwa jeupejeupe, linanivuta ngozi, la kulia bado ni njano, bichi, linang'aa, ndivyo liwa ilivyo, mbichi ni njano, kavu ni nyeupe, kila mwanamke wa hapa anajua... na Nadjma pale barazani ni njano, mbichi kabisa, ametoka kupaka sasa hivi, inang'aa mpaka puani, halafu anacheka na ni nyeupe, kavu, imepasuka pembe za mdomo, kipande kinaning'inia shavuni, halafu mara moja yuko tena kando ya Faouzia, na Faouzia bado yuko kwenye kwikwi ileile, na Nadjma ni njano, mbichi, haina hata ufa... subiri, narudisha, "Unatafuta nini, utaimaliza simu chaji", narudisha tena, njano, nyeupe, njano, hakuna liwa duniani inayokauka, ikapasuka, ikarudi kuwa mbichi kati ya kwikwi na kwikwi, hicho kicheko si cha pale, wamekitoa saa nyingine, siku nyingine wanajua wao, wamekibandika hapo kama mtu anavyotia kiraka cha kitenge kwenye kanzu, na sisi mji mzima, wanawake tunaopaka liwa tangu hatujaota meno, hatukuona, maana macho yetu yote yalikuwa kwenye meno yake, waliyatupa mbele yetu tukayafuata, mimi na ndala yangu mbele kabisa ya wote.

Na huo mkono, pale Faouzia anapoonyeshwa peke yake, mgongoni kwake, kuna mkono unaompapasa mgongo polepole, ukingoni mwa picha, umekatwa kwenye kiwiko, sikuwahi kujiuliza ni wa nani, una bangili mbili za fedha, na Nadjma akisogea ndani ya picha ana bangili mbili za fedha... alikuwa anambembeleza, jamani, mtoto alikuwa anambembeleza mwenzake na mimi nikampa jina, na jina lile limefika mpaka Nosy Be, Zoubeir aliniambia wauza matunda wanamwita hivyo na yeye anainama tu na kununua ndizi zake, naona aibu, naona aibu ambayo uso wangu huu wa nguzo hauwezi kuionyesha... lakini basi alikuwa anacheka nini, mtu hachekeshwi na hewa, narudisha kwenye kicheko, nakisimamisha, nyuma yake si baraza, nyuma yake ni mchanga na kamba ya kufungia boti, na macho yake yanatazama chini, majini, na liwa imembanduka, imembanduka usoni... akanicheka mpaka liwa ikambanduka usoni, mama... dumu la petroli, shati, simu mpya, ubao...

Mwanangu. Anamcheka mwanangu, ndicho kicheko chenyewe, nchi nzima imekichukia kicheko kile na kumbe ni Zoubeir yuko majini amekumbatia dumu, mtu aliyezaliwa kando ya bahari na kukulia ndani ya boti, ametazama msichana akasahau ubao, namwona kabisa, ana ule uso wake wa kujidai kwamba alikusudia, alikuwa nao tangu ana miaka mitatu, akianguka anasema nilikuwa naokota kitu, bila shaka aliibuka akasema petroli ilitaka kuoshwa... usicheke, Zalifa, usicheke, liwa haijakauka, bana mdomo, waza kitu cha huzuni, waza bei ya mchele, lakini tumbo limeshaanza, mabega yanatikisika, "Una nini wewe, usinitikisikie, nitakupaka upya mimi", na shavu la kushoto linasema kraa, nasikia, ufa umeanza pembe ya mdomo, unapanda, kipande kinanidondokea pajani, na machozi yanachimba mfereji kwenye la kulia, nacheka mpaka kigoda kinanung'unika, kichwa nyuma, meno nje, yale yaliyobaki, na kwenye kioo namwona mtu mwenye liwa iliyopasuka anamcheka mtoto wangu, na si mbaya hata kidogo mtu huyo, anapendeza, ningemchagua mwenyewe.

"Saga", namwambia Chaehoi.

"Umesema", anasema, mkono kiunoni, "umeharibu uso wote, na sasa hivi wanapiga adhana, nipake upya?"

"Usinipake, saga yake", na hanielewi, nitamwonyesha baadaye, njano, nyeupe, njano, sasa hivi siwezi, pumzi zenyewe sina, naye anashika ukuni wa liwa anaanza kusugua jiwe la Mariyama huku ananung'unika kwa Kingazidja, na mimi bado nimekaa palepale kwenye kigoda, liwa nusu kavu nusu mbichi, nusu iko pajani, na acha Nadjma aingie anikute hivihivi, nitamshika kidevu, nitampaka mwenyewe, taratibu, na kabla haijakauka, wakati bado anaweza kufungua mdomo, nitamuuliza jambo moja tu, siku ile, mwanangu alitanguliza miguu au kichwa.