Sinia Alilolikataa Shamte

Watu wa kisiwa cha Juani walikuwa na namna yao ya kumaliza ugomvi. Wazee wakishaamua, wagombanao huandaliwa sinia moja la wali, wakanawa, wakala pamoja mbele ya watu. Aliyekula amekubali, na neno lile halifufuliwi tena. Siku ile Iddi alinawa. Kaka yake Shamte alilitazama sinia, akaitazama mikono ya mdogo wake iliyokwisha lowa, akainuka akaenda zake. Iddi akala peke yake, maana hukumu ya wazee haiachwi ikapoa.

Waligombea wando wa marehemu baba yao, uzio wa fito uliosimikwa mkondoni kunasa samaki maji yakipwa. Wazee walisema wapokezane kwa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu: bamvua hili Shamte, bamvua lijalo Iddi. Hukumu gani nyepesi kuliko hiyo? Lakini Shamte alikuwa kifungua mimba, na kichwa chake kigumu kuliko kifuu. Kesho yake akavuka kwenda kisiwa cha Chole, kwenye boma la Wadachi, kutafuta hukumu ya wakubwa.

Barazani alimkuta mkalimani, Matano, mtoto wa Juani aliyelelewa na wamisheni Unguja, akarudi na Ukristo wake.

"Rudi, ndugu yangu," Matano alimwambia kwa sauti ya chini. "Hata Nabii Musa aliambiwa na mkwewe maneno madogo awaachie wakubwa wa watu kumi kumi. Wewe dogo unalipandisha juu la nini? Na kuna watu walichoka na waamuzi wao, wakataka mfalme kama mataifa mengine. Nabii wao akawaonya: atatwaa wana wenu na mashamba yenu, na siku mtakapolia hamtasikilizwa."

"Habari ya mfalme huyo, Taluti, hata sisi tumesomeshwa kwenye chuo cha Kurani," Shamte alijibu. "Mimi sitaki mfalme. Nataka wando wangu."

Bwana wa boma hakuuliza mengi. Shamte ndiye mkubwa? Basi wando ni wake, na cheti chenye mhuri hiki hapa. Kisha, kwa kuwa Juani kumbe kuna ugomvi, akaamuru nyando zote za kisiwa ziwe na cheti, na wazee wasiamue tena neno lolote. Hukumu ni Chole tu. Shamte aliyasikia yote hayo na, Mungu amsamehe, alifurahi.

Bamvua la Iddi likafika. Akashika zamu yake kama wazee walivyosema, na askari wakamkuta mkondoni hana cheti. Wakampeleka Chole akapigwe viboko ishirini na tano.

Shamte alivuka roho mkononi. "Mwambie bwana huyu ni ndugu yangu, tumbo moja! Wando namwachia wote. Tutaamuliwa nyumbani."

Matano alitafsiri. Jibu lilirudi fupi, naye hakuweza kumtazama mwenzake usoni. "Anasema nyumbani hakuna hukumu tena."

Shamte alivisikia viboko vyote, cha kwanza hata cha mwisho. Alijuta majuto ya kumkondesha mtu, na majuto hayo hayakumpunguzia Iddi hata kiboko kimoja.

Iddi alipoweza kukaa kitako, Shamte alikichana cheti. Akamwomba mkewe Biubwa apike wali wa nazi, akalibeba sinia yeye mwenyewe, mwanamume mzima, akapita nalo kati ya kijiji hadi mlangoni kwa mdogo wake. Akanawa, watu wakiona.

"Iddi, mdogo wangu, nimekosa. Njoo tule, yaishe."

Iddi alilitazama sinia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Shamte zaidi.

"Shikamoo, kaka," alisema. "Wazee wamekatazwa kuamua. Tukila, nani atasema yamekwisha?"

Akaingia ndani. Shamte alibaki amechutama mbele ya wali, mikono mibichi, mpaka ikamkaukia.