Siku Redio Ilipozima Mbele ya Joka

Mezani kwetu, kwenye mchezo wetu wa hadithi na dadu, mhusika wako akifa, unainuka na kumwachia kiti anayesubiri. Hakuna kuomba, hakuna kununa. Fundi ana viti vinne tu: kimoja chake, vitatu vyetu, na anayesubiri nafasi anakaa juu ya majora ya kitambaa kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Jumapili ile aliyesubiri alikuwa shemeji yangu, mume wa dada, na alikuja na dadu zake mwenyewe mfukoni. Mtu akija kumjulia hali mgonjwa na sepetu mkononi, ujue hakuja kutoa pole.

"Shemeji," akaniambia kabla hata hatujaanza, "hicho kiti kina mto?"

"Kina misumari."

"Basi nitakuja na mto."

Tunachezea dukani kwa Fundi. Siku za kazi anashona suti. Jumapili mchana anafunga mlango nusu na kugeuka mwamuzi wa mchezo. Yeye ndiye anayetusimulia ulimwengu, anayesema ukuta uko wapi, na anayecheza kila dubwana linalotaka roho zetu. Sisi wengine kila mtu ana mhusika wake mmoja. Ramani anaichora kwa chaki ya kushonea juu ya meza ya kukatia, akimaliza anaifuta kwa kiganja. Dada yangu, shujaa mwenye shoka, ni kifungo kikubwa cha koti. Mama Mdogo, mwalimu wa hesabu aliyegeuka mchawi wa moto, ni kastabini, kile kikofia cha kidole cha mshonaji. Mimi mwizi, kifungo cheusi cha shati. Siku ile joka lilikuwa kimto chekundu cha Fundi cha kuchomekea pini, pini zote zimesimama mgongoni.

Sasa tatizo langu. Kazi ya mwizi ni kujificha, na mimi watu wananiita Redio.

Kuna kanuni haimo kwenye kitabu cha mchezo, Fundi aliitunga kwa heshima yangu: kinachosemwa mezani kimesemwa mchezoni. Ilizaliwa siku mwizi wangu alipojificha ndani ya pipa kwenye karamu ya mfalme, ametulia kama jiwe, na mimi nikamwambia Dada kwamba pua ya mfalme yule ingetosha kuanikia nguo za familia nzima. Fundi akasema walinzi wamesikia. Nilitoka ndani ya pipa mkuku, mikuki nyuma yangu. Kanuni ikapita, tukaizoea kama salamu.

Na sasa joka. Lilikuwa limeshaniunguza, pigo jingine moja, nimekufa, kiti kimehama. Nyuma ya shingo lilikosa gamba moja, pale tu ndipo kisu changu kingeingia, na pale hufiki ukiwa unaonekana.

"Najificha," nikasema.

"Wapi?" Fundi akauliza.

"Nyuma ya Dada."

"Joka linakutazama usoni, Redio. Hujifichi kwa mtu aliyekukodolea macho. Hiyo ni tabia ya mtoto anayejifunika kitambaa kichwani, miguu nje."

"Lakini Dada ni mpana."

"Nitakuzaba," Dada akasema bila kuinua macho.

"Mpana mchezoni, Dada. Mchezoni."

Mama Mdogo akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa ile sauti yake inayowafanya wanafunzi wakae wima. Anayejificha awe na kitu cha kumkinga, na adui asiwe anamwona vizuri. "Masharti mawili," akasema. "Nayatimiza yote kwa njiti moja. Fundi, nachoma mapazia. Chumba kizima moshi."

Fundi akasugua chaki vidoleni. Akifikiri husugua hivyo, na suruali za wateja wake zote zinajua.

"Haya. Moshi unakinga, na joka halikuoni. Lakini moshi unaziba macho, hauzibi masikio. Rusha dadu. Ukifaulu umefichika, toa kifungo chako kwenye ramani ukishike. Utabaki umefichika mpaka upige, au mpaka utoe sauti. Neno moja tu. Hata guno."

"Nazunguka kando ya ukuta mpaka nyuma yake," nikasema.

"Ukifika useme. Mara moja hiyo tu, na kisu kikiwa juu."

Nikarusha dadu yetu ya pande ishirini. Kumi na sita, nimefaulu. Nikachukua kifungo changu, nikafumba kiganja, nikafumba na mdomo.

Shemeji akateremka kwenye majora, akaja kushika mgongo wa kiti changu kama mtu anayepima fanicha. Yeye hakuwa na mhusika, kwa hiyo maneno yake hayakuhesabika mchezoni, na alilijua hilo vizuri.

"Kumbe uhai wake unategemea mdomo wake," akasema. "Jamani, tumemaliza."

Nikakaza kiganja juu ya kifungo.

"Shemeji, ni kweli ulifunga goli langoni kwenu wenyewe, halafu ukashangilia?"

Jibu likanipanda kooni, limeiva, linanukia. Nikalimeza na maganda yake.

Huku Mama Mdogo anarusha moto, joka linajibu kwa mkia, Dada anakata, anakatwa. Fundi alikuwa ameshapamba moto, mikono hewani, futi kamba inacheza shingoni. Shemeji akainama sikioni kwangu.

"Na siku ya harusi yangu. Ulishika kipaza sauti, watu wakaenda kula, wakanawa, wakarudi, wewe bado unahutubia."

Harusi! Harusi yake ndiyo anaitaja yeye! Nilichukua kipande cha bitana mezani nikakitia mdomoni, nikauma. Machozi yalinitoka. Dada aliniona, akageuka upande wa cherehani, mabega yanamtikisika.

Hapo ndipo nilipogundua kitu. Zamu yangu ilikuwa imepita, na Fundi hakuniita. Ikapita tena. Mwaka mzima amekuwa akijua nilipo kwa masikio. Hajawahi kuhitaji kunitafuta kwa macho. Redio imezima, na mwenye nyumba kasahau kwamba anayo.

Dada akaanguka goti moja. Fundi akashusha sauti, ile ya kutisha.

"Moshi unapungua. Joka linawatazama. Mmebaki wawili, chumbani hakuna mwingine. Linatulia. Linainamisha shingo, kisogo wazi, limmalize shujaa..."

"Maskini sisi," Dada akasema. "Wawili tu."

Nikatoa bitana mdomoni. Nikaweka kifungo cheusi nyuma ya kimto, taratibu, tik.

"Watatu," nikasema.

Fundi aliruka, futi kamba ikaanguka chini. "Wewe! Ulikuwa wapi?"

"Joka nalo linauliza hivyo hivyo."

"Ngoja, ngoja. Mimi ndiye niliyesahau. Joka halijasahau! Lilimwona mwizi akiingia, linajua yumo."

"Fundi," Mama Mdogo akasema, kidole juu. "Nani kasema chumbani hakuna mwingine?"

"Nilikuwa nasimulia tu, Mwalimu."

"Kinachosemwa mezani..." Dada akaanza.

"...kimesemwa mchezoni," Shemeji akamalizia kwa mazoea. Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Fundi akamtazama. Akanitazama mimi. Akasugua chaki mpaka ikawa unga.

"Sawa," akasema. "Joka linaamini wamebaki wawili. Halikutarajii kabisa. Rusha dadu mbili, uchukue iliyo kubwa. Unahitaji kumi na saba."

Ya kwanza: nne. Nikahisi kiti kikivutwa kidogo kwa nyuma.

Ya pili ikabiringika, ikagonga mkasi, ikazunguka kama inayotafuta njia ya kurudi, ikalala. Kumi na tisa.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Dada alipiga meza vifungo vikaruka. Mama Mdogo, mwalimu mzima, alipanda juu ya kiti akacheza, na wapita njia wawili wakachungulia mlangoni kuona nani kazaliwa. Fundi akachomoa pini za joka moja moja, polepole, akanikabidhi kimto kitupu kwa mikono miwili.

"Mwaka mzima nimekuombea ukae kimya," akasema. "Leo umekaa, na kimya chenyewe ndicho kilichoniua."

Shemeji alirudi juu ya majora yake. Nikageuza kiti, nikakikalia vizuri, nikavuta pumzi yote niliyokuwa nimeibana.

"Shemeji, ulikuwa unasemaje kuhusu harusi? Fundi, hebu tukumbushe. Ile suruali iliyopasuka bwana harusi alipoinama kucheza, uliishona mara ngapi?"

"Mara mbili," Fundi akasema, anaokota futi kamba yake. "Ya pili akiwa ndani."