Hii Hapana Muziki

Mwalimu Valère alikuwa na maoni juu ya kila muziki duniani, na karibu yote yalikuwa mabaya. Alitoka Kasaï. Serikali ilimtuma Butembo, mashariki ya Kongo, kufundisha Kifaransa, kisha vita vikaja, barabara za kurudi kwao zikafungwa, na serikali ikamsahau huku. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwenye redio yetu na tai shingoni, akakaa mbele ya mikro, akaanza kudharau. Mimi, Sikitu, nilikuwa fundi wa sauti. Niliwasha jenereta, nilitia kaseti, na niliikata kaseti pale alipoinua kidole.

Kidole chake kilikuwa chepesi. Rock aliipa sekunde kumi.

"Musikilize ile gitare," alisema. "Mutu anapasua kuni, njo anasema anapiga gitare! Rock ni muziki ya batu benye courant yabo haikatikake. Mubakatie ule umeme siku moja tu, muone kama kutabakia wimbo."

Rap hakuipa hata hizo kumi.

"Rap ni mutu mwenye hajue kuimba, anakasirikia benye banajua. Suruali inaanguka, kofia inaangalia nyuma, kinywa njo inatumika sana. Mais akili? Akili ilibakia nyumbani."

Mji ulicheka. Jumatatu sokoni wauza maharagwe waliiga sauti yake. Nilicheka na mimi, sitadanganya. Kaseti zenyewe nililetewa na kaka yangu Lukumani, aliyeendesha lori la mizigo kati ya Kampala na Butembo kupitia Beni, na mimi ndiye niliyempa Valère azitukane. Nyumbani nilizisikiliza peke yangu hadi mwisho, na sikumwambia mtu.

Mwezi wa kwanza wa 2003, Lukumani alishusha abiria mlangoni mwa redio. Aliitwa Elikia, msichana wa miaka ishirini hivi. Alikuwa amekimbia vita upande wa Mambasa, akatembea mpaka Mangina, na huko alilala katika darasa la shule pamoja na wakimbizi wengine wengi. Sandali zake za plastiki zilikuwa mbili tofauti, moja ya bluu na moja ya kahawia. Alisema ana rap yake na anaomba kuiimba.

Valère alifurahi kama mtu aliyeletewa chakula. Akamkalisha mbele ya mikro, tukiwa hewani.

"Njo weye rappeur?"

"Njo miye, Mwalimu."

"Na kofia iko wapi?"

"Ilibakia njiani. Na vitu ingine mingi."

Nilicheka kwa mazoea, nikajuta kabla kicheko hakijaisha.

Elikia hakuwa na kaseti wala ala. Alipiga meza kwa vidole viwili, akaanza kusema haraka, kwa pigo moja lisiloyumba:

"Kasika wa Paulin, iko Mangina, iko muzima,
batoto babili, mukubwa anakohoa kidogo.
Mélanie anatafuta baba, fundi wa bisikleti.
Mardochée wa kovu ku shavu, mama anakungoya."

Aliendelea hivyo, jina juu ya jina, la wakimbizi wa lile darasa na la ndugu waliopotezana nao. Valère akainua kidole. Niliona vizuri kabisa. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe, na sikukibonyeza. Akainua tena, akanikazia macho. Nikatazama ukuta mpaka msichana akamaliza.

"Rime hapana, vina hapana," alisema Valère. "Mélodie hapana. Umesoma liste ya batu, ukapiga meza. Hii hapana muziki. Hii ni tangazo! Ipeleke ku saa ya matangazo, pamoja na mbuzi zenye zilipotea."

Elikia hakukasirika. "Saa ya matangazo ni saa ngapi?"

"Saa sita na saa kumi na moja, kila siku," nilimjibu mimi.

"Basi mutie kule. Mwalimu iko na haki. Sikukuja juu ya kuimba muzuri."

Valère alitabasamu, akageukia mikro kuaga wasikilizaji. Hakumaliza. Mlango ulisukumwa, akaingia mwanaume anayehema, unga wa mbao nywelini.

"Miye Paulin, seremala," alisema. "Dada, ulisema Kasika?"

"Nilisema Kasika. Iko Mangina, na batoto babili."

"Hapana. Sema vile ulisema ku redio."

Elikia akapiga meza, akarudia mistari miwili ile. Paulin alishika fremu ya mlango.

"Anakohoa kidogo?"

"Kidogo tu."

Akakaa chini pale pale kwenye saruji, akifuta uso kwa mikono miwili. "Wasingya," alisema kwa Kinande, asante, kisha tena na tena. Mikro ilikuwa wazi. Mji wote ulimsikia.

"Donc," alisema Valère, akipanga karatasi zake, "mumesikia benyewe. Tangazo."

Jumatano Paulin alienda Mangina, akarudi na mkewe na watoto. Sisi tulirekodi wimbo ule na kuupiga mara mbili kila siku. Elikia alituletea majina mapya kwa lori la Lukumani, na kwa saa hizo redio zote za maduka ziliongezwa sauti. Jumapili, Valère alipoanza, zilizimwa. Barua alizoandikiwa na wasikilizaji zikapungua mpaka ikabaki moja kwa wiki, nayo ilimwuliza kama anaweza kupunguza maneno ili matangazo yarefushwe. Akamwambia mkurugenzi wa redio kwamba Butembo hakuna masikio, akaacha kipindi.

Nilimkuta mwezi wa tatu mbele ya duka la vitambaa, saa sita, redio ikitoa majina. Alikuwa amesimama na wengine juani, mikono nyuma.

"Bado anakosa mesure, mizani ya wimbo," aliniambia. "Ule mustari ya tatu ni aibu."

"Mwalimu," nikamjibu, "hakuna mwenye anakuuliza."

Watu wawili walimgeukia wakaweka kidole mdomoni, anyamaze, wasikie.