Neno la Mama Thirza

Mama Thirza Alderson alipofariki, bintiye Annis alitaka neno moja tu lichongwe chini ya jina lake kwenye jiwe la kaburi: GAUM. Padri Crowther, aliyehamia huku milimani kutoka kusini, akakataa.

"Hilo ni neno la zizini, Annis."

"Na mama alishinda zizini maisha yake yote."

"Basi andika 'hekima'. Si maana ni ileile?"

"Wapi! Hekima unaweza kuwa nayo umekaa kitini. Gaum ni kuwa macho. Unaliona jambo kabla halijakufikia."

Akamsimulia kuhusu mwaka wa theluji kubwa. Asubuhi jua liliwaka, lakini kondoo walikuwa wamejibanza ukutani. Mama Thirza akaiona dalili hiyo, akawateremsha wote bondeni, penye kanisa, huku wanaume wakimcheka: "Thirza, unawapeleka kusali?" Kufikia jioni mlima ulikuwa umefunikwa. Wenzake walifukua mizoga; yeye hakupoteza hata mmoja.

"Kanisa lina taratibu zake," padri akasema. "Na neno lenyewe limetoka wapi?"

"Lililetwa na watu wa Norwe waliovuka bahari wakaja kuishi huku. Kwao lilikuwa kuangalia jambo kwa makini. Wakati huo kanisa lako halikuwa na hata jiwe la msingi. Sasa mgeni hapa nani, padri?"

Kaka yake Annis, Wilf, aliyekuja naye, akamvuta mkono. "Dada, yaishe. Tuandike 'Apumzike kwa amani'."

"Apumzike? Mama huyu? Ulimwona lini akipumzika?"

Padri hakulegea. Annis naye akalichongesha neno lake kwenye jiwe vilevile, akalibeba kwa trekta, akalijenga kwenye ukuta wa shamba lake, kando ya njia iendayo kanisani. Wilf aligoma kumsaidia. Kaburi likabaki na majani matupu, na kila Annis alipopeleka maua, aliyalaza pasipo jina. Lakini hakurudi kuomba.

Jumapili iliyofuata alimngoja padri pale ukutani.

"Soma kwa sauti, padri."

Padri akapita bila kusimama, uso umemwiva. Majira ya baridi yalikuwa yamekwisha siku aliposimama mwenyewe, akavua kofia, akalisoma. Alilitamka vibaya.

"Rudia," Annis akamwambia.

Akarudia.