Kupanda Kutoka Livade

Baba mkwe wangu, Marčelo, hakuwa ametoka nje ya ua wake tangu Januari, tulipomzika mume wangu Dorijan, mwanawe wa pekee. Alishinda jikoni na koti mwilini, kama mtu anayesubiri kuitwa. Niliogopa atamfuata mwanawe. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya Mei nikamwambia tunakwenda kuendesha baiskeli kwenye njia ya reli ya zamani iliyong'olewa vyuma, kama kila mwaka.

"Na nani?" akauliza.

"Na mimi na Ines."

"Basi si kama kila mwaka," akasema, lakini akaenda kutafuta viatu.

Kosa lilikuwa langu. Dorijan siku zote alituanzisha Livade, bondeni, ili tupande tukiwa na nguvu na kurudi tukiserereka. Mimi niliegesha gari Grožnjan, juu, kwa sababu nilitaka Baba aanze kwa raha. Tuliteremka karibu bila kukanyaga pedali. Ines, binti yangu wa miaka kumi na saba, alipiga kelele ndani ya mahandaki ili asikie sauti yake ikimrudia. Hata Baba alicheka kidogo.

Livade tulikula mkate na mayai yaliyokaangwa na machipukizi ya asparaga mwitu. Hakuna aliyekula sana. Kisha tukageuka.

Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo njia yake hupanda kidogo kidogo kwa kilomita nyingi, na macho yanakuambia ni tambarare. Unadhani baiskeli imeharibika. Nilishuka mara mbili kukagua magurudumu.

"Mama, baiskeli haina shida," Ines akasema. "Ni mlima."

"Mlima uko wapi hapa?"

"Uko chini ya tairi lako."

Baba alikuwa nyuma yangu. Ana miaka sabini na minane. Kila nilipogeuka niliona uso wake umelowa jasho, nikapunguza mwendo kwa ajili yake, nikamwambia apumzike.

"Nipumzike nimefanya nini?" akajibu.

Kwetu kuna kanuni: aliye mzito wa mwendo kuliko wote hutangulia, wengine humfuata kwa mwendo wake, asije akaachwa. Dorijan ndiye aliyeiweka, Ines alipokuwa mdogo. Mwaka jana alitangulia yeye mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Tulipokaribia kijiji cha Završje nikasema, "Baba, njoo utangulie. Ines, mpishe babu yako."

Akasimama. "Nitangulie mimi?"

"Ndiyo kanuni."

"Kanuni naijua. Tangu tulipopita Oprtalj niko nyuma yako, mwanangu, nashika breki nisikugonge. Unaendesha kama mtu aliyebeba kabati."

Ines alicheka, halafu akanitazama usoni.

Nilitaka kumjibu Baba. Badala yake nikaketi kwenye kokoto. Miezi minne nilikuwa naamka kabla ya wote, napika chakula cha nyumba mbili, naitikia pole za watu dukani, na usiku nakunja nguo ambazo hakuna wa kuzivaa.

"Nimechoka, Baba," nikasema. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Hakunibembeleza. Alinivua mkoba mgongoni, akauvaa yeye.

"Ines, wewe nyuma kabisa. Mimi katikati. Mama yako mbele, na asiharakishwe na mtu."

"Tutachelewa, Babu."

"Tunachelewa wapi?"

Nikatangulia. Ukiwa mbele humwoni mtu, unaona njia tupu tu. Nilifikiri jinsi Dorijan alivyoitazama mwaka jana, akijua tayari kuwa anaumwa, bila kutuambia. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya Baba na maneno yake ya chini chini: "Usiyumbe. Kaa katikati. Hivyo hivyo." Kilomita mbili za mwisho tulitembea tukisukuma baiskeli. Tulipolifikia gari hakuna aliyeshangilia.

Nilisimamisha gari mbele ya lango la Baba ili ashuke. Hakushuka.

"Kwenu mnakula nini leo?" akauliza, akitazama mbele.

"Supu ya jana," Ines akasema.

"Basi twende tukaile."

Aliingia kwetu, akavua koti, akalitundika mwenyewe. Kabla supu haijapata moto alikuwa amelala mezani, shavu juu ya mkono. Ines alitaka kumwamsha, nikamzuia. Nilizima jiko, nikaketi kando yake, na usingizi ukanichukua mimi pia.