Me na Ke

Shule yangu niliiokota njiani, kidogo huku kidogo kule, lakini herufi mbili hazinishindi. Kwenye stika walizowabandika wajukuu zangu kifuani kule kliniki, moja iliandikwa ME, ya mvulana, nyingine KE, ya msichana. Mapacha wa mwaka mmoja, vichwa vimenyolewa, mashati ya kitambaa kimoja. Mama yao, mwanangu, ni fundi cherehani, kipande hakitupi.

Nilikuwa nimerudi kwake baada ya miaka ishirini ya kuzurura. Siku ile ya kutoa damu, mwezi mmoja baada ya chanjo ya malaria, ndiyo mara ya kwanza aliniachia watoto. Yeye alikuwa chumba cha pili, anaweka saini kwenye fomu za utafiti.

Wakamwagiana kikombe cha maji, wote chapachapa. Nikawavua mashati, nikayaanika dirishani, yalipokauka nikawavika. Shati ni shati, nilijiambia. Kisha wakaitwa kutolewa damu.

Baada ya wiki tatu nesi akatupa majibu.

“Mzee, mkeo ana damu kali!” Alishanisikia nikimwita mjukuu wangu wa kike mke wangu. “Askari wa kupigana na malaria wamejaa tele. Huyu mpinzani wako ndiye mlegevu.”

“Si nilisema?” mwanangu akanichokoza. “Wanaume wa ukoo huu maneno tu.”

“Wala hatujashangaa,” nesi akasema. “Kwa chanjo nyingi, miili ya wasichana huelekea kujibu zaidi. Ila chanjo si ukuta, Mama Pacha. Wote walale ndani ya chandarua.”

Vyandarua vilikuwa viwili, kimoja kipya, kingine kina tundu la kupita ngumi. Mimi ndiye niliyesema kipya apewe mvulana.

“Mke wangu ana askari wake,” nilisema, nikacheka.

Mvua zilipokatika msichana akashikwa na homa. Asubuhi degedege, mchana wodini. Kesho yake tukamzika.

Nesi alikuja kutupa pole, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyesahau kitu. Akaomba kumpima mvulana upya. Baada ya wiki kadhaa alirudi na karatasi mkononi.

“Mama Pacha, askari anao huyu. Wengi mno.” Akanigeukia. “Mzee, siku ile watoto walikuwa na nani?”

Nikaeleza habari za mashati. Stika zilikuwa zimebaki kwenye mashati. Watoto ndio waliobadilishana. Nesi akafunika uso.

“Na sisi tumo lawamani. Majibu yalikuja kama tulivyotarajia, hakuna aliyehangaika. Yangekuja kinyume, tungeuliza.”

Alipoondoka, mwanangu alibaki ameshika ukingo wa cherehani.

“Siku moja, baba,” alisema. “Siku moja tu nilikuachia.”

Nikachukua begi langu. Kuondoka ndiyo kazi ninayoijua. Nilikuwa nimeshashika kitasa aliposema, bila kugeuka:

“Unakwenda wapi? Na huyu aliyebaki nani ataniangalizia?”

Nikaliweka begi chini. Akavuta droo ya cherehani, akanipa sindano na uzi mweupe. Nikakishusha chandarua kile cha zamani, nikaziba lile tundu.

Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kumaliza kikombe cha chai.